Mkono wa Kapteni

Tulimwita Kapteni, ingawa jeshini hakupita cheo cha koplo. Ukapteni tulimpa sisi, vijana wa kazi wa Uthiru, na hata sisi tulimpa shingo upande, kwa sababu gongo la kwanza la hoki lilikuwa lake. Alirudi nalo kutoka India vita vilipokwisha. Wenzake walirudi na makoti na saa za mkononi. Yeye akarudi na gongo la hoki limeviringishwa ndani ya blanketi, akalitundika ukutani juu ya kitanda. Mkewe alidhani ni la kufukuzia wezi.

Wachache waliobaki wanaomkumbuka humsifu. Kwenye matanga utamsikia mzee mmoja akisema, "Yule alikuwa mtu wa haki, bwana," na wengine wakitikisa vichwa. Mimi huendelea kunywa chai yangu. Nilicheza chini yake, nilikula ugali wake, nilimgandishia magongo yake kwa gundi ya karakana nilikofanya useremala, na bado nikilisikia neno hilo la haki roho hunichafuka. Basi mtu asitegemee kwamba nitampaka mafuta hapa.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji. Mchana alikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya serikali kule Kabete. Alivaa shati jeupe na tai, na jioni tai ile ile aliifunga kiunoni ishikilie kaptura yake ya jeshi. Kusifu hakujua. Ukifunga goli ambalo mwenyewe unajua utalisimulia hadi uzeeni, anakuja taratibu, anakutazama miguuni, anakwambia, "Kamba ya kiatu imefunguka."

Nilimchukia kwa hilo, na nilikimbia zaidi kwa sababu ya hilo.

Kiwanja chetu kilikuwa kipande cha maramu kando ya barabara, udongo mwekundu ulioshindiliwa na malori ya mawe. Kila jioni ya mazoezi tulikifagia kwanza kwa matawi, na bado vijiwe havikuisha. Mpira wa hoki ni mgumu kama jiwe lenyewe. Ukigonga kijiwe unabadili nia na kukujia usoni. Huko ndiko tulikojifunza kuutuliza mpira, na ndiyo sababu siku tuliyokanyaga nyasi za klabu za mjini kwa mara ya kwanza tulicheka wenyewe. Mpira ulikwenda pale tulipoutuma. Hatukuwa tumejua kwamba mchezo huu unaweza kuwa rahisi hivyo.

Lakini mtu akiniuliza Kapteni alitufundisha nini, sitataja mpira. Alitufundisha kuinua mkono.

Katika hoki mguu hauruhusiwi kugusa mpira. Ni gongo tu. Tatizo ni kwamba watu wakisongamana mbele ya goli, refa haoni mguu upi ni wa nani. Basi Kapteni alitunga sheria yake: mpira ukikugusa mguu, unainua mkono mwenyewe, kabla ya kipenga, hata kama hakuna mwingine aliyeona. Kwenye mazoezi alikuwa akisikia tu mpira umegonga kiatu, anasimamisha kila kitu.

"Nani?"

Ni neno hilo moja tu. Kama hakuna aliyeinua mkono, sote tulikimbia kuzunguka kiwanja, na tuliendelea kukimbia mpaka mwenye mguu ajitokeze. Jua lilikuwa linazama, watu wametoka kazini na njaa, wengine wana safari ndefu ya kurudi nyumbani. Mara nyingi aliyejitokeza hakuwa mwenye kosa. Alikuwa tu mtu aliyechoka. Mimi mwenyewe niliinua mkono mara nyingi mguu wangu ukiwa safi kabisa, na yeye aliitikia kwa kichwa, akaturudisha mchezoni. Sijui kama alijua. Baada ya muda mikono yetu ilizoea. Neno "nani" likitoka tu, ilikuwa imeshafika juu kabla vichwa havijafikiri.

Siku moja nilimbishia. Nilimwambia wale wa mjini hawainui mikono, sisi tunajitia ujinga gani.

"Fundi," akaniambia, maana hilo ndilo jina aliloniitia siku zote, "marefa yote itatoka kwao. Sisi ni wageni. Wanangoja tu kutuita wezi. Sasa wewe sema kwanza, kabla hajasema yeye. Atabaki na nini?"

Niliona ni busara kubwa. Nilikuwa kijana.

Ajabu ni kwamba nje ya kiwanja Kapteni alikuwa mwongo mkavu, wa kusema uongo bila hata kupepesa macho. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Wakikuyu mji mzima. Mwafrika kupita mjini na kipande chake cha utambulisho tu ilikuwa shughuli. Sasa sisi tulipita na gunia la magongo. Askari yeyote angeona nini humo kama si silaha? Jumamosi moja, tukielekea mechi, tulisimamishwa karibu na Hurlingham, mahali ambapo nyumba zilikuwa za Wazungu na sisi tulipaswa kupita upesi bila kutazama sana.

"Wee! Simama! Ndani ya gunia kuna nini?"

"Fito, afande," akasema Kapteni. "Fito ya hema. Kanisa yetu iko na mkutano."

"Hii imepinda kwa nini?"

"Hema ni ya mviringo, afande."

Askari akamtazama, akatutazama sisi, akauliza kama kweli sisi ni watu wa kanisa. Kapteni akatugeukia na kuanza kuimba. Tuliimba pale barabarani, Wakamba, Waluhya na Waluo pamoja na yule kipa wetu Mkikuyu ambaye hakuwa na ruhusa ya kuwa upande ule wa mji hata kidogo, tukaimba kwa sauti ya kumtetemesha mtu, na askari akatuambia tuende zetu. Tulipofika mbali nilimuuliza Kapteni yule mtu wa kuinua mkono ameenda wapi leo. Hakucheka.

"Askari hataki ukweli. Anataka mimi. Refa ni tofauti. Refa anauliza mpira."

Nilikumbuka jambo hilo siku nyingine, tulipokuwa wawili tu mjini kununua kamba za kufungia magongo. Tuliwekwa kwenye mstari kando ya maduka, watu wengi, vipande mkononi, tukachuchumaa. Mtu akapiga mluzi wa kejeli. Ofisa akageuka, amewiva uso kwa hasira.

"Nani?"

Mkono wa Kapteni ukaenda juu. Alipigwa kofi, kofia ikaanguka mbali, kisha mambo yakaendelea. Mluzi ule ulitoka ng'ambo ya barabara, kwa muuza magazeti. Nilimwona kwa macho yangu akiukunja mdomo. Nilidhani Kapteni amejitoa mhanga kwa ajili ya mstari mzima. Niliwasimulia wenzangu jioni ile, tukamheshimu mara mbili. Yeye alipangusa kofia yake, akasema kamba tulizonunua ni nyembamba mno.

Sasa niseme tuliingiaje kwenye ligi, maana hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Ligi ya hoki mjini ilikuwa ya Wahindi, Wagoa na Wazungu, kila watu na klabu yao, nyasi zao, banda lao la chai. Msimu mmoja klabu moja ilivunjika kwa ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, ratiba ikabaki na pengo. Katibu wa ligi alikuwa amewahi kutuona tukicheza pale maramu, gari lake lilipoharibika karibu na Uthiru. Akatuita tuzibe pengo. Alisema waziwazi mbele ya Kapteni na mimi kwamba ni kwa msimu mmoja, kisha kamati itakaa na kutazama. Lakini bingwa, alisema akicheka, bingwa hatolewi. Sheria ya ligi inasema hivyo.

Alicheka kwa sababu hakuna aliyeweza kufikiria jambo kama hilo. Sisi tulilibeba neno lile nyumbani. Tukiwa mabingwa, tunabaki. Tusipokuwa, tunarudi kuchezea vijiwe, watu wazima na magongo yao, bila wa kucheza naye. Kapteni alilisema mara moja tu, akifunga tai kiunoni: "Mumesikia. Bingwa hatolewi."

Mechi ya kwanza watu walikuja kutucheka na wakapata cha kuchekea. Tulifungwa vibaya. Walituita Timu ya Maramu, kwa kuwa raba zetu zilikuwa nyekundu kwa vumbi ambalo halikutoka hata kwa sabuni. Mechi ya pili tulitoka sare. Ya tatu tukashinda, na tangu hapo tukashinda tena na tena. Hata wenyewe hatukuelewa. Wakubwa wa klabu zile walianza kuja kutazama mechi zetu hata zile zisizowahusu, wamesimama na vikombe vya chai, kimya.

Siri ilikuwa ile mikono. Mechi za mwanzo tuliinua mikono na marefa walistaajabu, wakatupulizia makosa ambayo wasingeyaona. Tulipoteza mipira mingi kwa ujinga huo, na mimi nilikuwa nikisaga meno kule pembeni nilikocheza winga, naye Kapteni akicheza mbele katikati. Lakini marefa ni watu. Kufika katikati ya msimu, nyayo za watu zikichanganyikana mbele ya goli, refa alianza kututazama sisi kabla ya kupuliza. Mkono ukiwa juu, ni kosa letu. Mikono ikiwa chini, twende. Wapinzani walipiga kelele, "Refa! Mguu! Mguu!" na yule Mgoa mwembamba aliyekuwa refa mkuu wa ligi akawajibu mbele ya watu wote, "Hawa wakigusa, wanasema."

Hakuna sifa niliyowahi kuipata maishani iliyonipendeza kuliko hiyo. Katika mwaka ule, katika mji ule, ambapo neno la Mwafrika halikuwa na thamani hata mbele ya karani wa stempu, neno letu lilisimamisha kipenga. Nilitembea nimeinua kidevu. Kapteni naye, nadhani, ingawa kwa mtu kama yule ungejuaje.

Mechi ya mwisho ilikuwa na mabingwa wa zamani, kwenye nyasi zao, zilizomwagiliwa maji hadi zikawa laini kama zulia. Wao sare iliwatosha. Sisi tulihitaji kushinda. Watu wetu walikuja kwa miguu kutoka Uthiru na Kabete, wakawekwa upande wa jua, nyuma ya kamba. Mke wa Kapteni alikuwa pale na mtoto mgongoni. Walitufunga mapema, tukarudisha, kisha mchezo ukakaza. Muda ulikuwa umekaribia kuisha nilipopata mpira pembeni, nikamzunguka beki wao na kuupiga ndani kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Ukamgonga kipa, ukarudi katikati ya miguu ya watu, nikasikia mlio, kisha nikamwona Kapteni akiinama na kuusukumia wavuni.

Refa akanyoosha mkono kuelekea katikati ya kiwanja. Goli. Watu wetu wakaikata kamba, wakaingia kiwanjani. Kipa wetu alikuwa ameshapiga magoti. Nilikimbia kumkumbatia Kapteni, na mimi si mtu wa kukumbatiana.

Alikuwa amesimama wima, mkono juu.

Nilidhani anashangilia. Refa hakudhani hivyo. Alimtazama, uso wake ukabadilika, nikaona hakutaka kuuona ule mkono. Akamwendea, akamuuliza kitu. Kapteni akaitikia kwa kichwa. Kipenga kikalia, goli likafutwa, watu wakarudishwa nyuma ya kamba, na dakika chache baadaye mechi ikaisha sare.

Wapinzani walimpa mkono mmoja mmoja, mstari mzima. Walisema yeye ni muungwana wa kweli. Mkubwa wao mmoja alisema maneno marefu kuhusu mchezo wa haki huku akishikilia kikombe cha ubingwa ambacho kilikuwa chetu, na watu wakapiga makofi kwa furaha zaidi kuliko walivyowahi kutupigia tuliposhinda. Kwa nini wasipige? Hatukuwa tumewagharimu chochote.

Kamati ilikaa kabla ya mwezi kwisha. Ikaamua kwamba timu isiyo na kiwanja cha nyasi haiwezi kuwa kwenye ligi. Katibu alikuja mwenyewe hadi Uthiru kutuambia, na namheshimu kwa hilo. Alimwambia Kapteni kwamba mkono wake hautasahaulika. Kapteni akasema asante. Nilitupa gongo langu chini, nikaondoka, na sikurudi tena pale maramu. Wengine walisambaa. Kipa wetu alizolewa na msako mwaka uliofuata, na aliporudi hakuweza kunyoosha vidole vya mkono mmoja. Magongo nilisikia yaligeuzwa mipini ya majembe.

Miaka mingi ilipita, bendera ikabadilika, nikaota mvi. Nilikuwa na karakana yangu mwenyewe. Siku moja mchana nilikwenda Kenyatta Market kula nyama, nikamkuta Kapteni amekaa peke yake mbele ya mbavu za mbuzi, amepungua mabega, meno machache, tai bado shingoni.

"Fundi," akasema, kama tulioagana jana. "Kaa. Hii nyama ni mingi."

Nikakaa. Tuliulizana habari za watoto. Mkewe alikuwa ameshafariki, nilimpa pole. Tukala. Nilikuwa nimeapa kwamba nikimwona sitalitaja lile goli, na kachumbari haikuwa imeisha kabla sijalitaja.

"Kapteni, siku ile ungenyamaza tu. Mguu mmoja. Nani angekufa?"

Alitafuna kwa muda mrefu kwa yale meno yake.

"Haikunigusa," akasema.

"Nini?"

"Hiyo mpira. Haikunigusa mguu. Iligonga beki yao. Wewe si ulisikia mlio? Ile ilikuwa kiatu ya ngozi. Sisi tulikuwa na raba."

Nililiona jambo lile lote upya, nyasi, kamba, mlio. Kweli ulikuwa mlio wa ngozi. Niliusikia wakati ule na kuujua, na sikuwahi kuufikiria.

"Sasa uliinua kwa nini?"

"Sikuinua. Ilienda." Akautazama mkono wake uliolala mezani na mafuta ya nyama vidoleni. "Nilisikia mlio, nikaona imeshafika juu. Nikajiangalia hivi, nikasema, sasa huyu anafanya nini huko?"

"Si ungeushusha!"

"Refa ananiangalia, Fundi. Nikishusha, watasema nini? Watasema hawa huinua wakitaka, hushusha wakitaka. Mikono yenu yote ya mwaka mzima itakuwa bure."

"Ilikuwa bure! Walitutoa!"

Niligonga meza hadi chumvi ikamwagika. Watu wa meza za jirani waligeuka. Nilitaka kumtukana, na nilitaka kulia, mzee mzima, na sikujua nianze na lipi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemchukia mtu wa haki kupita kiasi. Kumbe hapakuwa na haki yoyote pale. Alikuwa mtu aliyefundishwa kukubali kosa upesi mno, akatufundisha na sisi, na siku tuliyokuwa hatuna kosa hakujua afanye nini.

"Ndiyo," akasema. "Walitutoa."

Kisha akanisogezea mbavu iliyobaki.

Nyuma yake, kwenye meza ya vijana, mmoja wao alikuwa akisimulia jambo kwa mikono. Kiwiko chake kikaipiga chupa ya soda, ikaanguka sakafuni na kupasuka. Nilimwona waziwazi. Kijana aliyekuwa akitupakulia nyama akatoka jikoni na kisu mkononi, amekasirika.

"Nani? Nani amevunja hii chupa? Mimi ndio nitasimama na mdosi hapa, nikatwe mshahara?"

Vijana wakatazama simu ya ukutani, wakatazama dari. Na mbele yangu ule mkono mzee, wenye mafuta, ukaanza kuinuka.

Niliushika. Niliukamata kwa mikono yangu yote miwili, nikaushusha mezani na kuubana pale pale juu ya chumvi iliyomwagika.

"Si wewe," nikamwambia. "Kapteni, si wewe."

Alinitazama bila kuelewa. Chini ya viganja vyangu mkono wake ulikuwa bado unasukuma kwenda juu.